Vidonge vinavyobaki nyumbani siku ya kukimbia

Masasi yakilia usiku, hakuna anayefanya hesabu ndefu. Mtoto mdogo anafungwa mgongoni, mkubwa anashikwa mkono, sufuria moja na bidoni, na kadi ya mpiga kura ndani ya plastiki, kifuani. Watu waliofika Baraka na vijiji vya kando yake kutoka nyanda za juu, kutoka bonde la Ruzizi, au kutoka upande wa Bukavu tangu mji huo ulipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, mizigo yao inafanana. Kinachosahauliwa ni kitu kidogo kilichokuwa juu ya kabati au chini ya mto: karatasi ya vidonge vya tansyo vya bibi, au vya baba mzee ambaye moyo wake ulianza kusumbua miaka mitatu iliyopita.

Mbele ya nyumba iliyochomwa na ng'ombe waliochukuliwa, vidonge vinaonekana si kitu. Wanaofika huandikwa majina, kijiji walikotoka, idadi ya watoto, idadi ya wajawazito. Ni sawa. Lakini panakosekana swali moja ambalo lingefaa kuulizwa kila mtu mzima siku ileile ya kwanza, kabla hajapewa bashi wala sabuni: ulikuwa unameza dawa gani kila siku, na umeimeza mara ya mwisho lini? Swali hilo si la adabu tu. Sababu yake iko ndani ya mwili, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye nyama ya moyo, na inaelezeka bila kuwa daktari.

Kwanza jina. Wengi wa Fizi wamewahi kuishi ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu na kambi nyingine za Tanzania, na waliporudi kwa meli kutoka Kigoma walikuja na neno presha. Waliobaki huku wanasema tansyo. Ni ugonjwa mmoja. Kuna kaya humu mjini ambamo mama anadhani ana presha na dada yake ana tansyo, na kila mmoja anamhurumia mwenziwe.

Sasa moyo. Homoni ni kama tangazo la redio. Mawimbi yanapita juu ya kila nyumba ya Baraka, yenye paa la bati na yenye paa la bashi, lakini nyumba inayosikia ni ile tu yenye redio iliyofunguliwa kwenye stesheni hiyo. Homoni nayo inamwagwa ndani ya damu na kupita kila mahali, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Inasikika tu pale penye kipokezi chake. Kipokezi ndiyo redio yenyewe: ni protini iliyokaa juu ya ngozi ya chembe hai au ndani yake, yenye umbo linaloshika homoni fulani na kuiacha nyingine ipite. Moyo una vipokezi vyake. Mishipa ya damu ina vyake. Figo zina vyake.

Homoni ya hofu inaitwa adrenalini. Inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na ndugu yake wa karibu, noradrenalini, hutoka zaidi kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Mlio wa bunduki ukisikika, vyote viwili vinaingia kazini kwa sekunde chache. Kwenye moyo, vipokezi vinavyoitwa beta vinapokea habari na kuamuru: piga haraka, piga kwa nguvu. Kwenye mishipa ya ngozi na ya matumbo, vipokezi vya aina nyingine, alfa, vinapokea habari ileile na kuamuru mishipa ijikaze. Ndiyo maana mtu anayekimbia mikono inakuwa baridi na tumbo linajifunga. Na kwenye mishipa ya misuli ya miguu, beta ya aina ya pili inafungua njia ili damu iwe nyingi pale inapohitajika. Tangazo ni moja, lakini kila mahali linaeleweka kwa namna yake, kulingana na redio iliyopo.

Jambo hilo lilichukua muda mrefu kueleweka. Mwaka 1905 John Langley, Mwingereza wa Cambridge, ndiye aliyesema lazima kuna kitu kinachopokea juu ya misuli, kwa sababu sumu na dawa alizojaribu hazikuweza kuelezeka bila hicho. Hakuna aliyekiona. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, Mmarekani, akaonyesha kwamba vipokezi vya adrenalini ni vya aina mbili, akaviita alfa na beta, na wenzake wengi hawakumjali kwa miaka. Aliyemjali ni James Black, Mskoti ambaye baba yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Alijiuliza: badala ya kuuongezea moyo mgonjwa damu, kwa nini asiuzuie kusikia kelele? Katika miaka ya 1960 akatoa propranololi, kidonge kinachokaa kwenye kipokezi cha beta na kuziba nafasi, adrenalini ikifika inakuta kiti kimekaliwa. Alipewa Nobeli mwaka 1988. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, waliokitoa kipokezi chenyewe na kukionyesha umbo lake, walipewa yao mwaka 2012.

Hapa ndipo habari hii inapoingia kwenye njia ya mkimbizi.

Mwili haukubali kuzibwa masikio kimyakimya. Mtu akimeza dawa ya kuziba beta kwa miezi na miaka, propranololi, atenololi au bisoprololi, chembe za moyo zinaweza kuongeza vipokezi. Ni kama nyumba ambayo haisikii redio vizuri, ikanunua ya pili na ya tatu. Maadamu kidonge kipo kila asubuhi, hakuna tatizo, redio zote zimebanwa sauti. Kidonge kikikatika ghafla, redio zote zinafunguka pamoja. Na kwa mkimbizi kidonge hakikatiki siku ya amani akiwa amelala kitandani. Kinakatika siku ambayo adrenalini yake iko juu kuliko siku yoyote ya maisha yake, akipanda mlima na mzigo kichwani, bila maji. Madaktari wanalijua jambo hili tangu miaka ya 1970: kwa mgonjwa ambaye mishipa ya moyo wake imeanza kuziba, kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta maumivu makali ya kifua, moyo kupiga ovyo, hata kifo. Ndiyo sababu huagizwa zipunguzwe polepole. Klonidini, dawa nyingine ya tansyo, nayo ina tabia ya kurudisha presha juu kwa kishindo ikiachwa ghafla, hata ndani ya siku moja au mbili.

Si dawa zote ziko hivyo, na haifai kuwatisha watu bure. Amlodipini, ambayo ni ya kawaida, hutoka mwilini taratibu. Aliyekosa siku moja hataanguka njiani. Lakini tansyo itarudi juu hatua kwa hatua, na baada ya wiki chache za kulala darasani au kwa familia iliyompokea, mtu yuko palepale alipokuwa kabla ya kutibiwa, na tansyo haipigi hodi. Haina maumivu yake. Watu wengi huijua siku mkono mmoja unapokataa kunyanyuka na mdomo unapopinda.

Akifa hivyo, matanga hujaa maneno. Amelishwa sumu, wanasema, au ametupiwa, na hasa kama alikuwa na ugomvi wa shamba. Wengine husema ni mawazo tu, kana kwamba mawazo hayana mwili. Maneno ya namna zote mbili yanafunga mlango wa swali ambalo lingesaidia waliobaki: alikuwa na tansyo? Alikuwa na dawa? Ziliisha lini?

Kwamba hofu yenyewe inaweza kumuua mtu mwenye moyo mgonjwa si hadithi. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na nusu, tetemeko lilipiga eneo la Los Angeles, Marekani. Watafiti waliohesabu vifo vya ghafla vya ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuta 24 siku ile moja, wakati wiki iliyotangulia wastani ulikuwa chini ya 5 kwa siku. Wengi wao hawakuangukiwa na ukuta wala hawakufanya kazi nzito. Waliamshwa na hofu.

Wajapani nao walieleza mwaka 1990 ugonjwa waliouita takotsubo, jina la mtego wa chungu wa kukamatia pweza. Wavuvi wa Baraka wangeelewa mara moja wakiona picha: chini ya moyo panavimba na kubaki bila kujikaza, juu panabana kama shingo ya mtego. Unaweza kumpata mtu baada ya msiba au hofu kubwa, na mwanzoni unafanana kabisa na moyo ulioziba mishipa, kumbe mishipa mikubwa haikuziba. Sababu inayotajwa zaidi ni mafuriko ya adrenalini juu ya vipokezi vya moyo. Wengi hupona wakipata uangalizi. Na wagonjwa wake kwa sehemu kubwa sana ni wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa.

Kwa nini hao? Hapo inaingia homoni nyingine. Estrojeni, homoni ya kike, haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Mishipa ya damu na moyo vina vipokezi vyake, kwa wanawake na hata kwa wanaume. Ikishika vipokezi hivyo kwenye utando wa ndani wa mshipa, utando hutoa gesi kidogo, oksidi ya naitriki, inayolegeza mshipa. Damu ya mwezi inapokoma, homoni hiyo inashuka sana, na mama ambaye miaka yote alikuwa na tansyo nzuri anaweza kuipata ya juu bila kubadilisha chochote katika maisha yake. Kwa hiyo bibi wa miaka 58 anayelea wajukuu sita chini ya bashi kwa sababu wazazi wao hawajulikani walipo, ndiye hasa anayefaa kupimwa, na ndiye wa mwisho kujitokeza. Kwenye mstari wa mapokezi wanatafutwa watoto na wajawazito. Yeye hukaa pembeni. (Kuna watu walidhani kumpa mwanamke kama huyo estrojeni ya vidonge kungemlinda moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa mwaka 2002 ulipoonyesha madhara badala ya kinga. Asiitafute famasi.)

Kuna pingamizi la haki kabisa, na wauguzi hulisema. Baraka ni nchi ya kipindupindu, ziwa linakileta karibu kila mwaka. Kuna malaria, surua, watoto wenye utapiamlo, wanawake waliobakwa ambao kwao kila saa ina maana. Nani ana muda wa tansyo za wazee? Jibu si kwamba tansyo ipite mbele ya kipindupindu. Jibu ni kwamba swali la dawa halina gharama. Halihitaji jenereta, wala friji, wala daktari. Reko wa mtaa anaweza kuliuliza huku akiandika majina.

Na kuna jambo ambalo watu wa misaada wanaweza kulikosea kwa nia njema: kuwapima tansyo watu wote pale pale wanaposhuka kwenye lori au pirogi. Siku hiyo kila mtu ana tansyo ya juu. Adrenalini yake bado inatangaza. Ukimpima mama aliyetembea siku mbili na amepoteza mtoto njiani, mashine itasema 170 na haitakuwa imesema uongo, lakini haitakuwa imesema ugonjwa. Anayeanzishiwa vidonge kwa namba hiyo anaweza kuanguka kwa tansyo ya chini wiki ijayo. Inavyofaa ni swali siku ya kwanza, na kipimo baadaye, mtu akiwa amelala usiku kadhaa, amekula, amekaa dakika 5 bila kuongea, mkono ukiwa umelazwa usawa wa moyo. Apimwe siku mbili tofauti. Ikikuta 140 juu au 90 chini mara zote, au zaidi, hapo kuna la kuzungumza. Isipokuwa mtu mwenye dalili: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja kulegea, au mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana na macho yanayoona giza. Huyo hasubiri siku ya pili, apelekwe hospitali kuu mara moja.

Mashine ya kupimia ile ya kubinya kwa mkono haitaki umeme. Kituo cha afya kikiwa nayo moja nzima, na kitambaa chake hakivuji upepo, kazi inafanyika. Kupatikana kwa dawa ndiyo shida kubwa zaidi, na hapo swali la siku ya kwanza linaonyesha faida yake ya pili. Shirika la Afya Duniani lina sanduku la dharura la magonjwa ya kudumu, lenye dawa za tansyo, kisukari, pumu na mengine, lililopangwa kwa watu 10,000 kwa miezi mitatu. Lakini anayeomba lazima aseme kwa nini anaomba. Zoni za afya za Fizi na Nundu zikiwa na daftari linaloonyesha kwamba kati ya waliofika mwezi huu kadhaa walikuwa wakimeza dawa ya tansyo na wamekatika, ombi lina miguu. Bila daftari hilo, wagonjwa hao hawapo. Kwenye ripoti hawapo, na kwenye sanduku linalokuja hawamo.

Figo nazo zinastahili neno, kwa sababu ya chumvi. Hofu inayoendelea hushtua vipokezi vya beta vya figo, figo zinatoa renini, na mwisho wa mnyororo huo inatokea anjiotensini, homoni inayokaza mishipa kwa nguvu kuliko nyingi na kuiamuru tezi ya juu ya figo iufanye mwili ushike chumvi na maji. Mtu wa namna hiyo akila makayabu kila siku, pamoja na vile vipande vya kuungia mboga, anamwaga mafuta kwenye moto. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya samaki. Ndagala waliokauka kwa jua bila kutiwa chumvi ni bora. Ni rahisi kusema, bila shaka, kwa mtu anayechagua chakula. Anayepewa hachagui. Lakini anayempa anaweza kuchagua.

Kuna hatari moja ya kujitakia: kugawana vidonge. Mpangaji akiwa na tansyo na mwenye nyumba ana tansyo, wanaona dawa ni moja. Siyo. Kaptoprili, enalaprili na losatani, zinazofanya kazi kwenye ule mnyororo wa anjiotensini, ni marufuku kwa mwanamke mjamzito. Zinaharibu figo za mtoto tumboni. Mjamzito ana dawa zake, kama metildopa na nifedipini, na anazipewa na muuguzi. Propranololi nayo inaweza kumfunga pumzi mwenye pumu, kwa kuwa vipokezi vya beta viko hata kwenye njia za hewa. Tena, kwa Waafrika weusi dawa za kuziba beta si chaguo la kwanza la tansyo ya kawaida. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta mchanganyiko wenye amlodipini unashusha tansyo vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Amlodipini haigusi redio za homoni kabisa. Inafunga mlango ambao kalsiamu hupitia kuingia kwenye misuli ya mshipa, ili amri hata ikisikika isitekelezwe kwa nguvu. Asiyejua alichokuwa anameza asikisie kwa rangi ya kidonge. Rangi hubadilika kila kiwanda, na zile zinazovuka ziwa zina maandishi tofauti na zile za Bukavu.

Ndiyo maana karatasi ndogo ina thamani. Familia yenye mgonjwa, iwe imekimbia au bado iko kwake, inaweza leo kuandika jina la dawa, miligramu zake na saa ya kuimeza, ikaikunja pamoja na kadi ya mpiga kura ndani ya plastiki ileile. Kadi haisahauliwi hata masasi yakilia. Asiyejua kuandika akate kipande cha karatasi ya vidonge chenye jina, hata kama vidonge vyenyewe vimeisha, akitie humo.

Na aliyefika tayari, ambaye amekaa wiki au mwezi bila dawa yake, asimeze viwili au vitatu kwa mpigo kufidia siku zilizopita. Aende kituo cha afya kilicho karibu na hicho kipande mkononi, aseme siku aliyomeza mara ya mwisho. Muuguzi ataamua kama anaanza upya na kidogo au anaendelea alipoachia. Familia iliyompokea imsindikize, hasa akiwa mzee, maana wageni wengi huona haya kusema wanaumwa kwenye nyumba ambayo tayari imewapa ugali na mahali pa kulala.